Nani Kaondoa Ngazi

Msusi huyu, waliyembandika jina la Chapuchapu kwa wepesi wa vidole, alipima hadithi zake kwa vichwa vya watu. Mteja akikaa kigodani, yeye anaanza kusimulia. Mteja akisinzia kabla ya mstari wa nne wa nywele, hadithi haifai. Kwa kipimo hicho, miaka miwili mizima hakuwa na hadithi hata moja. Alikuwa na mikoromo tu, ya kila aina.

Kipindi cha hadithi fupi redioni kilikuwa kimeshamrudishia tatu. Barua ya mara ya mwisho ilisema wanampa nafasi moja tu zaidi: bahasha ifike Ijumaa, kabla ya saa nane mchana.

Ijumaa yenyewe asubuhi akaja mama mkwe, mama yake mumewe, kama kila Ijumaa, ingawa nywele za wiki iliyopita zilikuwa bado zimelala vizuri. Kwa usingizi, mama huyu hakuwa na mpinzani. Siku moja alikoroma mpaka vichana vikadondoka ukutani, na mteja mmoja akatoka nje kuangalia lori limeegeshwa wapi.

Chapuchapu akafumua, akachana, akatia mafuta, akaanza: "Palikuwa na babu yake mwalimu mkuu, aliyezaliwa mwaka wa mvua nyingi..."

"Mwalimu mwenyewe keshazaliwa?" mama mkwe akauliza, kope zinashuka.

"Bado, mama. Kwanza babu, halafu baba yake, halafu..."

"Basi akizaliwa niamshe."

Mkoromo huo! Chapuchapu akatazama saa: saa nne na nusu. Hasira zikampanda. Akamtupa babu, akamtupa baba, akaitupa na mvua yenyewe, akafoka: "Mwalimu mkuu yuko juu ya paa la mama mkwe wake, mchana kweupe, kashika sufuria ya lami, na ngazi haipo!"

Mama mkwe akageuka ghafla, mstari wa nywele ukapinda kuelekea sikioni.

"Heee! Lami ya nini?"

"Kapanda kuziba tundu mara moja, awahi kurudi kazini."

"Na ngazi kaondoa nani?"

Vidole vikasimama. Katika karatasi zote kumi na mbili alizokuwa ameandika, ngazi ilichukuliwa na wezi, wakaja askari, wakaja na mbwa.

"Wezi, mama."

"Wezi wa ngazi!" Mama mkwe akasonya. "Kaondoa mkwewe huyo. Ningekuwa mimi, ningeiburuta mpaka uani nikaikalia."

"Kwa nini? Mtu kaja kumzibia paa!"

Mama mkwe akajitazama kwenye kioo, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. "Anakuja na haraka zake, anaondoka na haraka zake. Akikwama huko juu, angalau wataongea."

Chapuchapu akafuta mafuta mikononi, akavuta kigoda cha pili, akaketi karibu naye, akaandika. Hakuandika popote kwamba yule mkwe wa mwalimu alikuwa mpweke. Aliandika tu kwamba alimrushia mwalimu chungwa kule juu, akamwuliza watoto hawajambo. Karatasi tatu, basi. Akazisoma kwa sauti, na mama mkwe hakupepesa hata jicho.

"Kimbia nayo. Mimi nakungoja hapahapa na nusu kichwa changu."

"Watu watakucheka, mama."

"Waje! Nina la kuwaambia."

Bahasha ikafika saa nane kasorobo. Wiki mbili baadaye hadithi ikasomwa redioni, na siku hiyo saluni ilifurika mpaka watu wakaketi madirishani. Wa kushangazwa na mwisho wake hakuwapo hata mmoja. Tangu asubuhi mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, akimwambia kila anayeingia: "Ngazi kaondoa mkwewe. Haya, keti sasa usikie kwa nini."