Kucheza na Kaka Chini ya Dirisha la Wodi

Wiki iliyopita nilipeleka uji hospitali ya misheni, kwa jirani yangu aliyejifungua. Nilishika njia ya nyuma, ile inayopita kwenye majiko ya ndugu wa wagonjwa, kwa sababu ndiyo fupi. Nilipofika kona ya wodi ya wanaume nikauona ukuta wa chini ya dirisha. Nikageuka, nikazunguka kwa mbele na chupa yangu ya uji. Mimi ni mama mzima sasa, nashona nguo za watu hapa Nachingwea. Nisingetegemea kuogopa ukuta. Lakini ule ukuta naujua, na wewe ukinisikiliza utanielewa.

Kaka yangu alikuwa na selimundu. Nyumbani Lionja tuliuita ugonjwa wa mifupa, maana ndiko ulikomshika. Baridi ya Juni ikiingia, wakati baba anapuliza salfa kwenye mikorosho na harufu yake inafika mpaka kwenye mboga, kaka alianza kushika magoti. Macho yakawa ya njano. Mama akafunga shuka na sufuria. Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu, shule zimefungwa, nikachukuliwa kumsaidia mama hospitali hiyohiyo. Nilichota maji, nikafua mashuka, nikapuliza moto wa kuni mbichi uliowatoa machozi wanawake wote pale jikoni. Wodini sikuruhusiwa. Sista aliyesimamia wodi alisema watoto wasioumwa hawaingii, wataondoka na magonjwa ya watu.

Basi kaka akatafuta ujanja. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha. Aliwasha hotspoti kwenye simu yake ya tachi iliyopasuka kioo, nami huku nje nikajiunga kwa simu ya mama, tukaingia wote wawili kwenye mchezo wa kupigana risasi. Haukutaka bando. Ulitaka muwe karibu tu. Ukisogea mpaka kwenye bomba la maji, unatupwa nje. Kwa hiyo nilikaa chini, mgongo umebana ukutani, nasikia kitoroli cha dawa kikipita ndani, na sauti ya kaka ikishuka kutoka juu.

"Dogo, unakimbia kama mbuzi kaona mvua. Tembea. Nyayo zako nazisikia toka ng'ambo ya nyumba."

Alinifundisha kila kitu kutoka kitandani. Masikio kwanza, macho baadaye. Risasi zikipungua, usijaze bunduki ukiwa uwanjani, ingia kwanza nyuma ya ukuta. Lenga usawa wa kichwa kabla hujakata kona, siyo ukishaikata. Anayekukimbia usimfuate kwa nyuma, anakupeleka anakotaka yeye, zunguka. Ukikasirika weka simu chini, kwa sababu mwenye hasira hurudi kwenye mlango uleule aliouawa. Na kuliko yote, usisimame mahali pa wazi. Aliyesimama wazi amekwisha. Mimi nilikuwa nakufa tu, naamka, nakufa tena, na yeye anacheka polepole asiumize mbavu.

Siku moja bibi alikuja kumwona, kaleta muhogo wa kuchemsha na mbaazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kwa bahati tu nilikuwa nimempiga kaka, na bibi akaona kwenye kioo mtu ameanguka, damu imetapakaa.

"Huyu nani?" nilimsikia akiuliza.

"Ni mimi, bibi."

"Mgonjwa hachezi kufa. Acha hicho."

"Anaamka huyu, bibi. Tazama, ameshaamka."

Bibi hakutazama. Nilipomsindikiza getini alinibana kiganja na kuniambia kwa Kimwera kwamba nisicheze naye tena. Nilicheza. Ila toka siku hiyo kaka akianguka nilibana pumzi mpaka aamke.

Kisha ukaja ule mchana. Mama alikuwa amepeleka karatasi maabara. Kaka alisema, kwa sauti ndogo sana, "Leo tucheze kimya." Tukaingia. Mtu wake wa mchezoni akatoka kwenye nyumba, akafika katikati ya uwanja, akasimama.

Nilidhani ni mtego. Nikajibanza nyuma ya ukuta, nikasikiliza. Hakuna nyayo. Nikamkaribia kwa kutembea, kama alivyonifundisha. Alikuwa ameangalia chini. Nikapiga risasi hewani ili ashtuke, akabaki vilevile. "Kaka," niliita kuelekea dirishani. Nikasikia ndala zinakimbia ndani, na sista anamwita mtu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kwenye kioo pakaandikwa kwamba mawasiliano yamekatika. Mtu wa kaka hakuanguka kama tulivyozoea kuanguka. Hakuwepo tu. Ulibaki uwanja mtupu na mimi.

Pale chini palikuwa na tofali. Ningelipanda ningeona ndani. Sikulipanda. Nilimfikiria bibi, nikatazama miguu yangu.

Mama alikuja mbio kwa nyuma, akachukua simu bila kuniangalia, akampigia baba. "Njoo utoe damu," alisema. "Njoo sasa hivi." Nikalishika hilo neno: maiti haongezewi damu. Baba alifika kwa bodaboda, salfa bado iko kwenye nywele zake.

Zilipita siku kadhaa kabla sijaisikia tena ile sauti kutoka juu.

"Dogo. Ulinipiga siku ile?"

"Hapana."

"Nilikuwa wazi kabisa."

"Niliona."

"Ndiyo maana hushindi."

Hakufa mwaka ule. Alikufa baridi nyingine, mimi nikiwa Ruangwa kwa shangazi, nasoma. Niliambiwa kwa simu.

Michezo ile ya kukaa karibu imekwisha. Vijana wa kijiweni leo wanacheza na watu wa mbali wasiowajua hata majina, na hakuna anayehitaji ukuta wa mwenzake. Mimi pia hucheza, nikishafunika cherehani. Natembea, nasikiliza, naiwahi kona kwa kulenga. Nashinda mara nyingi. Lakini mara mojamoja mtu hufika katikati ya uwanja akasimama, haendi mbele wala nyuma. Wenzangu husema mtandao wake umekata, mmalize. Huenda ni kweli. Mimi hubaki nyuma ya ukuta, simu nimeishika kwa mikono miwili, nasubiri asogee.