Makochi ya Kuazima

Mpwa wangu haogopi makohozi. Mimi na wewe mtu akikohoa karibu yetu tunageuza uso, yeye anamsogelea na kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu, anamwambia, "Vuta pumzi, kohoa kutoka chini kabisa, tema humu." Kisha anaandika jina na tarehe, anakipanga kwenye sanduku la barafu kwa uangalifu, utadhani ni maziwa ya mtoto. Mtaani wanamwita Daktari Makohozi. Wakimletea mtoto mwenye homa huwaambia kwamba yeye si daktari wa kutibu, ni mtafiti, nao huondoka wakinung'unika kuwa anaringa. Haringi. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Kutwa yuko maabara, jicho kwenye hadubini, anatafuta vijidudu vya kifua kikuu, na akishavipata anataka kujua vilijificha wapi wakati mgonjwa alishameza dawa zake zote.

Swali hilo hakulitoa kitabuni. Baba yake, yaani shemeji yangu, alikuwa mponda kokoto. Aliumwa kifua, akameza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, akapona, akarudi kwenye mawe, akaumwa tena, akafa. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Dada yangu akaichukua nyundo ya marehemu, akakaa palepale alipokuwa akikaa mumewe, kando ya barabara ya malori, na mpaka leo, mwaka wa kumi na tisa, bado anaponda. Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha. Kwa kokoto hizo msichana alisoma mpaka zilipofika mwisho wa nguvu zake, na chuo kikuu akasoma kwa mkopo wa wanafunzi.

Sasa nimseme dada yangu kidogo, Mungu anisamehe: ni maskini jeuri. Hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akisema hana. Siku za njaa alimpaka mtoto mafuta midomoni kabla hajatoka kucheza, ili majirani wadhani wamekula nyama. Mimi mwenyewe, kaka yake wa tumbo moja, nikipita jioni na kuuliza kama wamekula, najibiwa, "Umechelewa kidogo tu, tumetoka kuosha vyombo." Natupa jicho kwenye vyombo, vikavu kama mifupa.

Utafiti una heshima nyingi na mshahara mdogo, na mshahara wenyewe huja mradi ukiwepo. Juu yake kuna makato ya mkopo, ambayo hayajui kama mradi upo au haupo. Kampuni moja ya dawa ilikuwa imeshamwita mpwa wangu mara mbili: njoo utembeze dawa zetu za kifua hospitalini, tunakupa na gari. Mara zote mbili alikataa, kwa sababu ya wapondaji. Alikuwa na wapondaji mia mbili wa barabara ileile, anawafuata kila baada ya miezi mitatu na vikopo vyake. Miaka miwili ilikuwa imepita, umebaki mmoja. Alishuku kwamba vumbi la mawe likishatulia mapafuni linavipa vile vijidudu mahali pa kujificha, dawa ikipita havionekani. Akinieleza hayo macho yanamng'aa, mimi naitikia tu, kichwani nawaza sponji na pini za makochi ninayotengeneza.

Ndipo akasikia habari za mfuko mmoja unaowalipia mkopo watafiti wa tiba waliokulia kwenye shida, mradi waahidi kubaki kwenye utafiti. Alikuja karakana kwangu kuniambia.

"Mjomba, nikipata huu, nabaki na watu wangu. Nikikosa, nakwenda kuuza dawa. Siwezi tena."

Alijaza fomu zote. Aliandika kifo cha baba, mawe, njaa, yote, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Ikabaki hatua moja: afisa wa mfuko kwenda kuiona nyumba aliyokulia na kuzungumza na mzazi. Hapo ndipo mpwa wangu alipokosea, kama kweli ni kosa. Alimpigia mama yake akamwambia, "Mama, Alhamisi atakuja mgeni, mambo ya kazi yangu. Anataka tu kukuona. Mpokee, uongee naye." Basi. Hakusema mgeni wa nini. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumweleza, akanijibu, "Ningeanzaje, mjomba? Nimwambie mama, huyo mtu akija, mwonyeshe tulivyo maskini?"

Kesho yake asubuhi dada yangu alikuwa mlangoni kwangu, anahema.

"Kaka, mtoto ana mgeni wa kazini. Atakaa wapi? Juu ya ndoo?"

Mimi ni fundi makochi. Siku hiyo karakana kulikuwa na seti ya watu saba, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, mali ya mwenye kituo cha mafuta, ambaye angekuja kuichukua Jumamosi. Dada aliitazama. Nilimwona anaitazama. Ningeuliza hapo, mgeni gani, anataka nini, mambo yote yangekuwa mengine. Sikuuliza. Nilicheka, nikaita mkokoteni.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku ile sisi tulijisitiri mpaka tukapitiliza. Nyumba ni vyumba viwili. Ili makochi yaingie tulitoa kitanda, tukakificha nyuma ya nyumba ya jirani. Pazia likatoka kwa fundi cherehani. Kinyozi akaleta televisheni yake kubwa, tukaisimamisha juu ya meza ingawa nyumba haina umeme. Tulipanga kusema tumeizima kwa heshima ya mgeni. Nyundo na ndoo za kokoto nilizipeleka chooni kwa mkono wangu mwenyewe, nikafunga mlango.

Afisa alikuja saa nne. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na faili lake kifuani. Dada yangu alikuwa amevaa gauni la jirani, mkono wa kulia anampa mgeni, wa kushoto ameuficha kwenye mkunjo wa gauni.

"Mama, naomba unieleze hali ya zamani," afisa akasema baada ya salamu. "Mtoto akiwa mdogo, mlikuwa mnakula mara ngapi kwa siku?"

Dada akacheka kile kicheko chake cha mbele za watu. "Kula? Mwanangu hajawahi kulala na njaa hata siku moja."

"Na ada za shule?"

"Tulilipa. Hakurudishwa nyumbani hata mara moja. Muulize mjomba wake."

Nami, niliyewahi kwenda kumwombea huyo mtoto kwa mwalimu mkuu mara tatu katika muhula mmoja, nikajiweka sawa kwenye kochi la mtu. "Ni kweli kabisa," nikasema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, nikatia chumvi. "Marehemu baba yake alikuwa mkandarasi wa mawe."

Afisa aliitazama televisheni, akatazama pazia, akaandika. Alituuliza mara mbili kama hatuna la kuongeza. Sasa ndiyo naelewa kwamba alikuwa anatufungulia mlango wa kutokea. Dada akamwongezea kuku.

Alipoondoka dada yangu aliosha vyombo akiimba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na siku hiyo vyombo vilikuwa vimelowa kweli.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu aliingia karakana saa sita mchana. Nilikuwa nimeshika pini mdomoni, ndivyo tunavyofanya kazi, unazitoa moja moja unapigilia. Alikaa kwenye stuli isiyo na kitambaa, barua mkononi.

"Mjomba, kwetu kuna televisheni?"

Nilizitoa zile pini, moja, ya pili, ya tatu, na sikujua niziweke wapi.

Barua ilikuwa fupi. Ilisema uhakiki wa nyumbani haukuthibitisha maelezo ya mwombaji, na kwamba familia ilionekana kuwa na hali nzuri toka mwanzo. Alinisomea mwenyewe. Alipofika kwenye neno mkandarasi alicheka, akacheka sana, kisha kicheko kikageuka. Nilitamani anitukane. Nilistahili, na tusi lingeniuma kidogo kuliko vile alivyokaa pale akijifuta uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akijifuta vumbi utotoni.

Kesho yake nilivaa shati lilelile la siku ya mgeni nikaenda ofisini kwa mfuko. Nilimwambia afisa kila kitu: kituo cha mafuta, kinyozi, chooni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, unaniambia kwamba mlinidanganya," akasema. "Sasa niamini lipi?"

"Hili la leo."

"La leo naweza kuliamini mimi. Kamati haiwezi." Akafikiri kidogo. "Kuna rufaa, siku kumi na nne. Lakini wewe hutoshi. Mama mzazi aje mwenyewe mbele ya kamati, aseme nyumba haikuwa ile, na maswali yote ayajibu upya."

Nilitoka pale mwepesi, karibu nikimbie. Mpwa wangu nilimkuta mlangoni kwa maabara, amevaa koti jeupe, na kabla sijamaliza kueleza akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Hapana nini? Ni kusema ukweli tu!"

"Mama hataenda."

"Kiburi cha mama yako umekirithi chote," nikamwambia, na sauti ilinipanda. "Akae dakika thelathini aseme alikuwa maskini, atakufa?"

Aliniangalia bila hasira. "Mjomba, akienda kule itabidi kwanza aambiwe kwa nini anaitwa. Atajua kwamba niliomba msaada, nikanyimwa, na aliyeniharibia ni yeye na yale makochi. Hata nikishinda rufaa. Mama yangu unamjua. Atalisahau lini hilo?"

Ningeweza kwenda kwa dada yangu peke yangu, bila ruhusa ya mtu. Katika siku zile kumi na nne nilikwenda mara mbili. Mara zote alinipa chai, akaniuliza kama nimesikia lolote, kama yule mama mgeni aliridhika. Mara zote nilimeza chai pamoja na maneno yangu. Mimi ni mwoga. Nimelijua hilo nikiwa na miaka hamsini na mbili.

Siku ya kumi na tano mpwa wangu alisaini mkataba na kampuni ya dawa. Aliniomba nimsindikize barabarani kwa wapondaji, akachagua siku ambayo mama yake alikuwa kliniki. Alipita rundo kwa rundo, anachuchumaa, anaagana na kila mmoja kwa jina. Aliwaambia kazi imemalizika kwa upande wake, na kwamba atakuja mwingine. Bibi mmoja mwenye kitambaa usoni akaacha kupiga nyundo.

"Na majibu yetu, mwanangu? Ulisema mwaka ujao tutajua."

"Atakuja mwingine, bibi."

"Huyo mwingine anatujua?"

Hakuna aliyekuja. Nimeuliza. Makohozi ya watu mia mbili, ya miaka miwili, yamegandishwa kwenye friji la maabara, na msimamizi anasema mradi mwingine unadai nafasi. Mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki. Nikilala mchana, nikiamka, nikipigilia pini, nauhesabu huo mwaka.

Jumapili iliyofuata baada ya kuwaaga wapondaji, mpwa wangu alikuja na gari la kampuni, jeupe, na picha ya chupa ya dawa ya kifua ubavuni. Mimi nilikuwa nimetangulia, tuko ndani, dada yangu kwenye kitanda chake, mimi kwenye ndoo. Akaingia, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nimepandishwa cheo."

Dada yangu alipiga vigelegele mpaka vikamkaba, akakohoa, akanywa maji, akaendelea. Alichungulia gari mlangoni, akarudi, akanishika shati kifuani kwa mikono yake yote miwili.

"Si nilikwambia? Yule mgeni tulimpokea tukiwa watu! Angetukuta juu ya ndoo, huyu angepewa gari?"

Mpwa wangu alinitazama juu ya bega la mama yake. Nilidhani sasa atasema. Nusu yangu iliomba aseme.

"Ni kweli, mama," akajibu. "Ni mapokezi yako."

Dada yangu hakuweza kukaa. Alijifunga kitambaa kichwani akatoka kwenda kuwaambia waliotuazima vitu, kila mmoja apate fungu lake la shukrani. Mpwa wangu akanyanyuka kumfuata, nikamshika mkono. Tulisimama chumbani, tukamsikia akianza kwa fundi cherehani, akaenda kwa jirani wa gauni, akaenda kwa kinyozi, anabisha hodi, anacheka, anawashukuru kwa walichomfanyia mtoto wake.