Kaseti ya Mjomba Wilondja

Nikinusa betri kuukuu zilizopata jua, naona kiwanja chetu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa. Wakati wa vita betri mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo zile zilizochoka tulizianika juu ya bati mpaka zikatoa harufu ya chumvi na kutu, kisha tukazirudisha kwenye redio ili zijikongoje nusu saa nyingine. Aliyeanika kuliko wote ni Mjomba Wilondja, mdogo wake mama. Aliishi kwetu, alikula kwetu, na mchana kutwa alipiga gitaa ambalo hakuna aliyeliomba.

Gitaa lenyewe alilichonga kwa mbao na kopo la mafuta ya kupikia. Nyuzi zilikuwa nyaya za breki ya baiskeli, alizozifumua moja moja. Ndani ya kopo alitumbukiza maikrofoni ya redio mbovu, akaiunga na spika iliyopasuka, na sauti ikatoka inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Watu wa Baraka walitaka muziki wa kutikisa kiuno. Mjomba alitaka roki. Alikuwa na kaseti tano za roki, hazina hata majalada, alizozipata kwa wachuuzi waliovuka ziwa, na kwa kuwa hakuyajua majina ya wapigaji, aliwabatiza mwenyewe: Mwenye Hasira, Mwana wa Mjane, Wa Nyuma. Huyu Wa Nyuma alimpenda kupita wote.

"Achana na ule mwenye anaimba," alikuwa akiniambia. "Sikia wa nyuma. Batu habamujue, lakini ni yeye iko anabeba wimbo yote."

Mimi nilimjibu kwa kuondoka.

Kabla vita havijatufikia alirekodi nyimbo zake sita katika karakana ya seremala. Kaseti ilikuwa moja tu. Aliizungusha kwa kila mwenye redio, na kila mwenye redio akamrudishia. Mmoja alisema imemkausha mbuzi wake maziwa. Nabii hakubaliki kwao, na Mjomba alilishika neno hilo kama cheti. Alivunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine juu yake, akachora jina lake kwa msumari, akaiweka katika sanduku la nguo la mama.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimchukia. Niliimba kwaya kanisani, na Jumapili moja, mbele ya wasichana wenzangu wote, nilimuuliza kama nimeimba vizuri. Akatafuna muwa wake kwanza. "We uko na matundu ku kichwa," akasema. "Haiko masikio." Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Nilingoja nafasi yangu.

Vita vikaileta. Baba alikimbilia ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya Tanzania, na mama akabaki kwa sababu ya bibi ambaye hakuweza tena kutembea. Miezi ikapita bila kujua kama baba alifika au alizama. Siku hizo barua zilikwenda kwa kaseti: unasema mambo yako yote, mtu wa boti anaibeba, na kule wakishasikiliza wanajibu juu ya kaseti ileile, maana nyingine hakuna. Asubuhi moja boti ikapatikana. Maduka yalikuwa yamefungwa, mengine yameporwa. Mama akaniambia, "Kamata kaseti moja yenye haina kazi."

Zile tano za roki zilikuwa pale juu ya meza. Nikaenda sandukuni. Nilikata karatasi ya daftari, nikaitafuna ikalainika, nikaziba matundu mawili ya vile vimeno vizuri kabisa, ili irekodike tena.

"Hii ni ya nani?" mama akauliza.

"Mujomba alisema haina kazi tena."

Tukamsalimia baba pande zote mbili za kaseti. Bibi alimwombea. Mama alimweleza habari za mihogo. Mimi nilimwimbia wimbo wa kwaya, beti zote.

Wiki mbili baadaye wenye bunduki waliingia kiwanjani, wakamkuta Mjomba na gitaa. Mkubwa wao akaagiza wimbo wa kucheza. Mjomba hakujua hata mmoja, akapiga wa kwake. Kwanza walicheka. Kisha mkubwa akasema huyu anatudharau. Waliuweka mkono wake wa kushoto juu ya kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, wakauponda kwa kitako cha bunduki, kidole kwa kidole, na mmoja wao akawa anahesabu kama mwalimu. Nilikuwa jikoni, naona yote. Sitawaficha ninyi mnaonisoma: nilimwonea huruma, na chini ya huruma hiyo nilifikiri kwamba sasa ile kelele imekwisha.

Vidonda vya mkono vilipoanza kukauka alikuja kwangu. "Niletee kaseti yangu," alisema. "Nataka nisikie vile nilikuwa napiga." Nikamwambia sijaiona. Kesho yake akauliza tena, kwa upole, na nikamsaidia kuitafuta. Tulipekua sanduku lote pamoja, yeye kwa mkono mmoja.

Kisha jibu la baba likaja. Mama aliipokea kaseti kwa mikono miwili, akaiita nyumba nzima. Mjomba aliyaona maandishi ya msumari kabla haijaingia redioni. Aliyaona, akaniangalia, akakaa. Baba alikuwa hai. Alitaja jina la kila mmoja wetu, na mama alilia akicheka. "Msalimieni shemeji," sauti ikasema, "hapa kambini hatuna hata mtu wa kutupigia gitaa."

Ilipokwisha, Mjomba aliomba upande wa pili. Baba hakuwa amesema mengi upande huo. Nyuma ya maneno yake ulibaki wimbo wangu, kisha mchakacho mtupu. Aliinamisha sikio kwenye spika mpaka kaseti ikajizima. "Yaya, uitunze," akamwambia mama, dada yake mkubwa. "Sauti ya shemeji imetoka muzuri." Hakunisema. Nililala nikimshukuru Mungu kwamba nimesamehewa.

Aliishi miaka minne zaidi, nami nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakuwa amenisamehe. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Kila jioni nilipomkatia ugali, kwa kuwa hakuweza, alinitazama usoni muda mrefu, na kila jioni nilimwuliza kama nimuongezee sombe.

Mwaka jana vijana wenye magitaa ya dukani walinitembelea. Wamesikia habari za mzee wa kopo, wakataka kujua alipiga nini. Niliwaeleza nyaya, kopo, spika, na Wa Nyuma. Wakaandika. Kisha mmoja akasema, "Mama, utuimbie basi hata kidogo tu." Miaka mitano alipiga gitaa lake, hatua chache tu kutoka nilipotwangia. Nilifungua mdomo. Sikuwa na hata mstari mmoja.