"Kaa kwanza": maneno mawili yaliyoniangusha kwenye mtihani wa HR hapa Bujumbura

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura.

Wanaonijua humu wanajua naandika riwaya, kwa hiyo watasema nimeanza tena. Hapana, hii sikuitunga. Kama ningeitunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi ndani yake.

Niliingia kozi ya usimamizi wa rasilimali watu kwa sababu moja. Riwaya haichemshi maharage. Nakaa Ngagara kwa shangazi yangu, na shangazi alishaanza kuniuliza kwa upole, akiwa anapepeta mchele, kama hicho kitabu kinakaribia kuisha. Ule upole ndio ulionitisha.

Kampuni moja ya kufungasha majani ya chai ilikuwa imeniahidi nafasi ya msaidizi katika ofisi ya wafanyakazi. Sharti lilikuwa moja: nilete cheti cha taaluma. Nafasi ingenisubiri mpaka mitihani ya msimu ule, basi.

Darasa lilikuwa Jumamosi, Mutanga Nord, chumba cha juu ya duka la dawa. Mvua ikinyesha, mabati yalimmeza mwalimu akabaki anachezesha midomo tu. Nilijifunza mikataba, likizo, mishahara, namna ya kumhoji mtu bila kumvua nguo. Nakiri nilianza kuipenda. Faili la mfanyakazi ni riwaya iliyokatwa vivumishi: alizaliwa, aliajiriwa, alioa, aliumwa, aliondoka.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Saidi, kijana wa Jabe, anayesimamia wabeba mizigo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Baba yake ni fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima. Saidi alinichokoza tangu siku ya kwanza.

"We mwandishi, siku ya kufukuza mutu utamusomea shairi?"

"Nitakusomea wewe."

"Mi unifukuze na beti tatu tu. Niko na haraka."

Tukawa marafiki hivyo.

Sasa sikilizeni kuhusu mtihani. Sehemu ya mwisho ni mazungumzo ya kuigiza mbele ya majaji wawili. Unaokota karatasi, unapewa hali, na mwanafunzi mwenzako anaigiza mfanyakazi. Yeye haambiwi umeokota nini. Ukitoka chumbani kabla hamjamaliza, umeanguka, unarudia msimu unaofuata.

Simu zote zinakusanywa mlangoni, ndani ya katoni ya sabuni.

Wiki ile baba yake Saidi alikuwa amelazwa, mapafu. Saidi alikuja mtihani akitokea hospitali, shati halijapigwa pasi. Kwa mtoto wa fundi cherehani, hiyo tu ilitosha kusema kila kitu. Alitumbukiza simu kwenye katoni kama mtu anayeuacha mkono wa mgonjwa.

Niliokota karatasi yangu. Mjulishe mfanyakazi kwamba nafasi yake imefutwa.

Saidi ndiye aliyepangwa kuwa mfanyakazi wangu.

Kitabu cha kozi kiliandikwa kwa Kifaransa, mahali penye baridi nadhani. Kilisema hivi: habari mbaya haitolewi kwa mtu aliyesimama. Funga mlango. Punguza sauti. Weka maji karibu. Mkaribishe akae kabla hujasema lolote.

Nilikuwa nimekikariri. Nilifunga mlango taratibu. Nikasogeza glasi ya maji. Nikamtazama machoni, nikashusha sauti.

"Saidi, ndugu yangu. Kaa kwanza."

Hakukaa.

Wakuu wa huku mmeshaelewa. Kwa wengine, nieleze kidogo.

Hapa kwetu kifo hakitangazwi, kinakaribishwa. Hakuna anayekupigia simu kusema fulani amefariki. Anasema, "Anaumwa sana, jaribu kuja." Ukifika, mtu anakupokea begi. Mlango unafungwa. Maji yanaletwa, na sauti inashuka. Kisha unaambiwa ukae kwanza. Ukisikia hayo maneno mawili huhitaji mengine. Ukoo mzima unajua kwamba kiti kile ni cha yatima.

Nilikuwa nimefanya kila kitu kwa usahihi. Kila kitu.

Saidi alishika ukingo wa meza. "Apana," alisema. "Apana, apana. Ni Papa?"

Nyuma yangu nilisikia kalamu za majaji zikikimbia kwenye karatasi. Walidhani anaigiza. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mmoja wao aliandika, "Ya kweli mno."

"Semeni tu," Saidi akasema. "Wamepiga simu? Ni Zaina amepiga?" Zaina ni dada yake, ndiye aliyekuwa zamu hospitali.

Ningeweza kusema, "Saidi, huu ni mtihani, baba yako mzima." Sentensi fupi, ingeokoa kila kitu. Ilinifika mpaka ulimini, nikaona siwezi kuitoa. Nilijua nini mimi? Simu zilikuwa kwenye katoni. Nikimwambia mtu baba yake mzima na sijui, nitakuwa nimemdanganya juu ya kitu kimoja ambacho hakidanganywi.

"Sijui habari yoyote, Saidi. Haya ni ya mtihani tu. Wallahi sijui."

Mimi ni Mkristo, sijui wallahi ilinitokea wapi. Yeye hakuisikia. Alikuwa anasema inna lillahi, polepole, akielekea mlangoni.

Madame Espérance, mkuu wa majaji, mama wa miwani ya kamba, aliniita. "Mtahiniwa. Ukivuka huo mlango, tunafunga."

Niliiona ofisi ya chai, na meza ambayo nilikuwa nimeshaichagulia upande wa dirisha. Niliiona vizuri kabisa.

Nikavuka.

Tulipekua katoni pamoja. Aliniachia simu yake, nikampigia Zaina mimi. Iliita ikakatika. Tukapiga tena. Saidi alikuwa ameegemea ukuta, paji la uso kwenye rangi ya chokaa.

Zaina akapokea. Kabla hajasema neno, nyuma yake tulisikia sauti ya mzee, kavu, yenye hasira, ikilalamika kwamba uji umekosa sukari, na nani amemwambia yeye ni mgonjwa wa sukari, yeye ana mapafu.

"Papa anauliza mutihani iko aje," Zaina akasema.

Saidi, aliyekataa kiti, alikaa chini sakafuni. Alicheka mpaka akalia, au kinyume chake.

Majaji walinisikiliza, wakasikitika kwa dhati, wakaniangusha. Sheria ni sheria. Saidi alifanya mtihani wake mchana ule na mwanafunzi mwingine, akamfukuza kazi kwa sentensi mbili, akapita. Nafasi ya chai ikachukuliwa na mtu mwingine. Shangazi aliuliza kitabu kinaendeleaje.

"Mwandishi," Saidi aliniambia tukinywa chai Jabe, "mara ingine anza na kusema hakuna mutu amekufa."

Alikuwa anatania. Mimi neno lake nililichukua kama lilivyo.

Msimu uliofuata nilipewa msichana nisiyemjua, na habari ya kumpunguza kazini. Nilimpokea mlangoni, wote tumesimama, mlango wazi. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Hakuna msiba. Nyumbani kwako kuzima, sina habari nyingine. Ni mambo ya kazi, na si mazuri." Alishusha pumzi, akavuta kiti mwenyewe.

"Hiyo haimo kitabuni," alisema Madame Espérance.

"Ndiyo, Madame."

Nilipita. Sasa niko kwenye kiwanda kidogo cha sabuni, ofisi isiyo na dirisha. Nimeshawaambia watu kadhaa habari ngumu, na sijamwambia hata mmoja akae.

Mwezi uliopita Saidi alikuja ofisini bila kupiga simu. Shati lake halikuwa limepigwa pasi. Aliingia, akageuka, akafunga mlango taratibu. Nilikuwa nimesimama, natafuta faili.

"Mwandishi," alisema. "Kaa kwanza."

Nikakaa.

Basi wakuu, nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu msimu mzima: kabla hujachukua neno la kitabuni ukalipeleka kwa watu, ulizia kwanza kama kwao neno hilo lina kazi nyingine. Hili letu lilikuwa limeshaajiriwa zamani, na halijawahi kuchukua likizo.

Huko mliko, mtu akileta habari nzito, anaanza na neno gani? Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Na mwenye dua, amkumbuke fundi wa Jabe.