Bati Ndani ya Mpira wa Rejeta

Siku yangu ya kwanza gereji, hapa Kibiti, Fundi Mkuu hakunipa spana. Aliniambia nishike mipira miwili ya rejeta ya lori lililokuwa linaunguruma. "Wa juu unaleta maji ya moto kutoka kwenye injini, wa chini unayarudisha yamepoa. Hiyo tofauti ndiyo kazi ya rejeta." Nikaona mbona kazi nyepesi. Kumbe!

Baadaye nikapelekwa Umwe, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya tajiri mmoja. Mwendeshaji alikuwa Bakari, mtu mpole, na msimu ule injini ilichemka kila siku. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikasema maji yanapita mbio mno, hayapati muda wa kupoa. Nikakata bati, nikalitoboa tundu dogo, nikalichomeka ndani ya mpira wa chini. Nikaushika: baridi! "Bakari, shika mwenyewe," nikamwambia, kichwa kimenivimba.

Saa moja haikuisha, silinda hedi, kile chuma kinachofunika injini juu, ikapasuka kwa joto. Tajiri akafoka kwamba Bakari kaacha maji yakauke, akamfukuza palepale. Mimi nikanyamaza. Vijana, naona aibu hata kuliandika.

Fundi Mkuu alipokuja, kwanza alinionyesha mapezi ya rejeta yalivyozibwa na pumba, hewa ya feni haipiti. Ugonjwa ulikuwa huo. Kisha akachomoa bati langu.

"Maji yakienda polepole hupoa sana, kweli, lakini yanayorudi ni machache, joto linabaki kwenye injini. Yakikimbia, kila tone hupoa kidogo, ila joto linalotoka kwa jumla ni kubwa zaidi. Hufika mahali mwendo hauongezi kitu, hapo unatafuta hewa. Sasa kamwambie tajiri."

Nilimwambia. Akanitukana nikatukanika, kisha akanituma nikamrudishe Bakari. Nilimkuta bondeni, analima mpunga wake.

"Sirudi," alisema. "Hedi ni chuma, hupasuka. Lakini siku ile nilikutazama usoni, wewe ukatazama chini."

Sasa nimestaafu. Vijana wa gereji wakiniuliza, nawaambia safisheni rejeta, msizibe njia ya maji. Bakari hukutana nami sokoni, hunijulia hali, huwaulizia wanangu mmoja mmoja. Nikimpa mkono anaushika upesi, anauachia.