Maua Yaliyoleta Fitina Bwawani Ruiru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje kidogo ya Ruiru, Kimeu amepiga magoti kwenye matope, anang'oa maua aliyoyapanda mwenyewe. Nyuma yake watu wamejaa kama harusini, ila hakuna anayecheka.

"Ng'oa na mizizi," anasema Mama Gathoni, mkono kiunoni. "Usituachie hata kitunguu kimoja."

"Nasikia, mama."

Kimeu ni Mkamba wa mashariki ya Thika. Kaunsili ya wilaya imemwajiri alinde ukingo wa bwawa hili, ambao kila masika humegwa na maji kama mkate kwenye chai.

"Mwaka juzi ng'ombe walikuwa wakipita pale," anasema Kimeu, akionyesha katikati ya maji.

Ng'ambo ni shamba la kahawa la mzungu. Upande huu ni shamba la Githinji, mumewe Mama Gathoni. Amri ya kaunsili ni moja: kila mwenye ardhi achangie kulinda ukingo. Na karani wa kaunsili, Erastus, amemwambia Kimeu waziwazi kwamba ukingo ukianguka mvua hizi, kazi nayo imekwenda na maji. Mshahara wenyewe ni shilingi sitini, na watoto watatu wako shuleni.

Githinji alitoa vigingi. Mzungu alituma gunia la vitunguu vya itoka, ua linaloota kutoka kwenye kitunguu, mkononi mwa mnyapara wake, Dalmas.

"Aliniambia, 'Mkamba, mchango wa bwana huu hapa. Ng'ombe hawaligusi. Panda mstari, juu kidogo ya maji,'" Kimeu anakumbuka. "Nikashukuru. Nyasi nilizopanda kwanza ng'ombe walikuwa wamezimaliza."

Kwao Kimeu, ua ni ua. Kwa Wakikuyu, itoka ni mpaka. Likishapandwa, ardhi imegawanyika, na mtu mwingine akiling'oa amejitafutia laana. Sasa, mwaka huu ambao maofisa wanapita na minyororo wakipima mashamba na kuandika mipaka, Githinji akaamka akakuta mpaka umelikata shamba lake: yeye huku, maji kule.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Sokoni ikasemwa Kimeu amekula chumvi ya mzungu. Wanawake wakimwona bwawani, wanageuka na madebe yao matupu. Githinji akamwita uso kwa uso.

"Nani alikutuma?"

"Mzee, hakuna. Nilidhani ni maua."

"Maua! Mtu mzima na ndevu zake! Na Dalmas naye alidhani ni maua?"

Dalmas alipoulizwa alicheka sana, kupita kiasi.

"Mimi mtu wa Kakamega," alisema. "Itoka nitalijulia wapi?"

Lakini ameishi hapa miaka na miaka, na jirani zake wanasema, tena bila kuombwa, kwamba mkewe ni Mkikuyu wa Gatundu.

Wazee wakaamua: aliyepanda ndiye ang'oe, peupe, macho ya wote yakiona. Ndiyo shughuli ya leo.

Itoka la mwisho linatoka. Wanawake wanashuka na mafurushi ya nyasi kuziba mashimo, maana mawingu upande wa Kilimambogo yameanza kunenepa. Githinji mwenyewe anagonga vigingi. Mama Gathoni hasaidii. Ameketi juu ya debe, anaitazama mikono ya Kimeu.

"Haiya, mama, bado huniamini?"

"Wewe panda nyasi. Mimi nakuhesabia vidole."

Gunia lililoleta itoka bado liko nyumbani kwa Kimeu, nyuma ya mlango. Dalmas ameshakuja kuliulizia, na hakupitia njia kubwa.

Kimeu anaomba nyasi zishike kabla ya mvua, abaki na kazi yake. Mvua ikikatika, ana safari moja ng'ambo, kujua nani hasa aliyejua maana ya itoka.

"Gunia nitalirudisha mwenyewe kwa bwana, mzee Githinji akiwa kando yangu," anasema. "Sitasema neno. Nataka tu Mama Gathoni naye awepo, autazame uso wa bwana kama alivyoitazama mikono yangu."