Kobe Aliyepakwa Vanishi

Mume wangu ni fundi wa fanicha, na karakana nzima inamwita Msasa. Hatulii. Akikaa kusubiri chai, mkono unapapasa mguu wa meza kutafuta palipokwaruzika. Anahangaika kama kuku anayetaka kutaga, na mimi nina miaka kumi na tisa kwenye ndoa hii, sina pa kukimbilia.

Mama yake alipozidiwa na upweke, tulimleta kwetu, ghorofa ya tatu. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na kobe wake, aliyemfuga uani tangu huyu Msasa hajaota meno. Mzee wa watu hana kingine cha kuongea nacho.

Basi Msasa akaona hapa ndipo pa kumfurahisha mama. Akaunda kisanduku cha mbao chenye mfuniko wa kioo, akakiweka dirishani penye jua. Halafu, kwa kuwa hawezi kuona kitu kimechakaa akakiacha, akamsugua kobe kwa msasa laini na kumpaka vanishi. Mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza! Kobe aling'aa kama kabati la bibi harusi. Mama mkwe akasema, "Ahsante, mwanangu." Chakula nikashika mimi: mkate, wali uliobaki, chochote.

Mwezi wa sita tangu waje, kobe akaacha kuinua tumbo. Anajikokota, miguu inamtetemeka. Nikambonyeza mgongoni kwa dole gumba, gamba likabonyea. Jamani! Msasa alizunguka sebuleni mpaka nikamwambia kaa chini, utatoboa sakafu.

"Mama asijue," akaninong'oneza. "Huyu akifa, na mama amekwisha."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamjibu. Tukamtia kobe kwenye kikapu, tukamdanganya mama kwamba tunampeleka akapunge upepo.

Daktari wa mifugo alimgeuza, akanusa mgongo. "Nani kampaka hii?"

Msasa, mtu mzima na mvi zake, akatazama viatu. Daktari hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema gamba ni mfupa ulio hai, umeungana na uti wa mgongo. Kobe akipigwa na jua moja kwa moja ndipo mwili unapoweza kutumia madini ya chokaa yaliyo kwenye chakula kujengea mifupa. Kioo kinapitisha joto na mwanga, lakini ile nguvu ya jua anayoihitaji inabaki nje. Na vanishi nayo inaziba.

"Mkate na wali sasa basi. Mpeni majani mabichi, myanyunyizie unga huu wa chokaa. Kila asubuhi jua la nje, na kivuli karibu akichoka. Vanishi nitaitoa mwenyewe, usije ukaniletea msasa hapa."

"Atapona?"

"Pole pole. Ni miezi. Na acheni kumbonyeza."

Alipomaliza, tulirudi na kobe kikapuni, tukapitia majani kwa muuza mboga. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake. Msasa hakungoja hata kuvua viatu. "Mama, nimemkosea kobe wako. Ile vanishi, na lile sanduku la kioo..."

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kobe hapakwi kitu, wala hafungiwi ndani."

"Sasa mbona hukusema?" nikadakia. Hasira zilinipanda kweli kweli.

Akanitazama, mikono ameikunja mapajani. "Mwanangu, hapa ni kwenu. Nikigusa sufuria, mama pumzika. Nikishika ufagio, mama pumzika. Nikisema na la kobe, si nitaonekana nina mdomo?"

Hasira ikaniishia pale pale. Niliona aibu hata ya kumtazama. Msasa alisimama tuli, mikono haina kazi, machozi yanamlenga.

Nikamwekea mama fungu la majani mapajani, na kisu. "Mkatie wewe, mama. Sisi hatujui."

Akalifungua fungu, akachambua, nusu nzima akaitupa chini. "Nani kanunua takataka hizi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kunigombeza tangu aingie kwangu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Kesho twende wote ukachague."